Uzi: Miaka minane Maun, Botswana. Ndege ndogo, mapipa ya mafuta na mzee mmoja wa Francistown

#1 SpanaKumi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa ajira za anga kuna mdau aliandika kwamba ukitaka kujua urubani ni nini, nenda Maun ukawaone vijana wanavyorusha Cessna. Nikacheka peke yangu sebuleni mpaka mama watoto akauliza kulikoni. Mimi nimekaa Maun kuanzia 1997 hadi 2005 na sijarusha ndege hata mita moja. Nilikuwa fundi.

Habari za kampuni ndogo za ndege za kukodi kusini mwa Afrika mara zote utazisikia kwa marubani. Siwalaumu, wao ndio wenye picha. Ila rubani pale alikuwa mgeni: anakaa msimu mmoja au miwili, anajaza daftari lake la saa za kuruka, anaondoka kwenda kwenye ndege kubwa. Tuliobaki ni sisi: fundi, mama wa redio aliyepanga safari, vijana wa mafuta, mlinzi. Leo naandika ya hao. Kampuni niliyofanyia kazi siitaji jina, msinifuate PM.

Spana nilijifunzia kwenye karakana moja ya ndege ndogo pale uwanja wa zamani Dar. Mwaka 1997 kazi zikakauka, jamaa yangu aliyetangulia akaniandikia barua: njoo, huku fundi anayeijua injini ya Continental hamalizi wiki bila kazi. Nikapanda TAZARA hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860 za kulala umekunja magoti. Basi hadi Lusaka, jingine hadi Livingstone, Zambezi nikaivuka kwa pantoni pale Kazungula. Daraja mnalopiga nalo selfi siku hizi limefunguliwa 2021.

Nilitegemea kukuta mji. Nikakuta mchanga, punda na uwanja wa ndege.

Mchanganuo kwa wasiojua. Maun ndiyo mlango wa delta ya Okavango. Kambi za watalii ziko ndani ya delta, nyingi visiwani, na barabara za maana hakuna. Kwa hiyo kila kitu kinapita hewani: mgeni, mboga, trei za mayai, godoro, fundi wa friji, barua. Kila kambi ina kiwanja chake cha vumbi, na kutoka kimoja hadi kingine ni dakika 15, 20, 25. Ndege moja inaweza kutua na kupaa mara kumi kwa siku. Ni daladala kabisa, tofauti ni kwamba konda hana pa kuning'inia.

Kampuni zilikuwa kadhaa. Sefofane ilianza 1991, na jina hilo kwa Kitswana maana yake ni "ndege" tu, hakuna mbwembwe; baadaye ikaja kuitwa Wilderness Air. Mack Air ilianza 1994. Zilikuwepo nyingine kubwa kuliko yetu na nyingine ndogo mpaka ofisi yao ilikuwa meza na kalenda. Yetu ilikuwa na Cessna 206 tatu, 210 moja, na ndege moja kuukuu ya injini mbili, aina ya Islander, iliyokuwa inakunywa oili kama mtu aliyetoka jangwani.

Ngoja nile, narudi.

#2 Mchokozi

Nimevuta kiti. Ila chai ikizidi sukari nitasema.

#3 KyelaMjini

Mkuu SpanaKumi endelea. Umegusa Botswana umenikumbusha babu yangu, alikuwa Wenela. Nitachangia ukifika mbele.

#4 SpanaKumi

Nimerudi. KyelaMjini, hilo neno Wenela usiende nalo mbali, nitalihitaji.

Tuanze na hesabu ya uzito, maana ndiyo iliyokuwa inatuumiza kichwa kila asubuhi. Cessna 206 ina viti sita. Uzito wake wa juu kabisa wakati wa kupaa ni kilo 1,633. Ya kwetu ikiwa tupu, na vifaa vyake, ilikuwa karibu kilo 1,000. Weka rubani na abiria watano wa kilo 80: hao ni 480. Weka begi la kilo 20 kwa kila abiria: 100. Umebakiwa na kilo 53 za mafuta, yaani lita sabini na kitu. Injini ile inakula kama lita 60 kwa saa. Safari dakika 25, na lazima ubaki na akiba ya dakika 45. Imetosha, lakini imetosha kama shati la mwaka juzi linavyotosha.

Ndiyo maana mgeni anaambiwa begi liwe laini na lisizidi kilo 20. Wengi wanadhani ni masharti ya kizungu tu. Halafu anashuka bwana wa kilo 130 kutoka ndege ya Johannesburg, ana sanduku gumu la magurudumu, na kwenye fomu ameandika kilo 90. Nani anamwambia? Sio rubani, ana miaka 22 na anamwogopa. Ni mama wa redio. Anatoka ofisini anatabasamu, mkononi kashika mzani ule wa bafuni, anauweka chini mbele ya mgeni bila neno.

Halafu ongeza joto. Maun iko kama futi 3,100 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa kumi joto linagonga 40, hewa inakuwa nyepesi, na ndege inajiona kama iko futi karibu 7,000. Propela inakamata hewa kidogo, bawa linainua kidogo, injini inapumua kidogo. Kiwanja kile kile ulichopaa nacho asubuhi ukitumia nusu, saa nane mchana unakimaliza chote na bado unaitazama miti.

#5 Wilson_Mtaani

Salamu kutoka Nairobi. Hii story naielewa bana, nimefanya kazi Wilson Airport miaka mingi upande wa mizigo. Kwetu ilikuwa miraa ya kwenda Somalia: ndege lazima itoke asubuhi, miraa haingoji mtu, ikinyauka ni hasara. Hao pilot vijana tuliwaona pia, wengine walikuwa wametoka huko kwenu Maun, na walikuwa wanatua poa sana kwa mchanga. Swali: parts mlikuwa mnatoa wapi?

#6 SpanaKumi

Wilson_Mtaani, karibu ndugu. Vipuri vilitoka Johannesburg. Ukiagiza leo, kikiwepo, kinakuja na ndege ya abiria kesho kutwa. Kisipokuwepo kinatoka Marekani, na hapo ndege inalala. Ndege ikilala mwezi wa nane, mwenye kampuni anakuja kusimama nyuma yako wakati unafanya kazi. Haongei. Anasimama tu, anapumua.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Ukaguzi wa kila saa 50 za kuruka unabadilisha oili, unakata filta na kukunjua karatasi yake juani kutafuta chembe za chuma. Ukiona zinameta, moyo unashuka. Saa 100 unafungua karibu kila kitu. Injini za 206 zetu, aina ya IO-520, zilikuwa zinatakiwa kufanyiwa matengenezo makubwa kwenye saa 1,700, na kwa jinsi tulivyoruka ndege moja ingeweza kufika huko ndani ya misimu miwili.

Ila adui wetu mkubwa alikuwa mchanga. Viwanja vile vina vijiwe vidogo, na propela ikizunguka karibu na ardhi inavivuta. Kila jioni nilikuwa napita ndege hadi ndege nikiwa na tupa ya duara na kipande cha sandipepa, nakipapasa kila kisu cha propela kwa kidole gumba kuanzia kwenye shina hadi ncha. Ukigusa pengo dogo, hata la ukubwa wa punje ya mchele, unalisugua mpaka liwe bonde la kuteleza. Ukiliacha na kona yake kali, ufa unaanzia pale, na siku moja ncha inakatika hewani. Injini inayozungusha propela iliyokatika upande mmoja inaweza kujing'oa kwenye fremu yake.

Kidole changu hiki cha kulia hadi leo hakihisi vizuri. Mke wangu anasema nashika chai ya moto kama kuku.

#7 Bububu

Mashallah, uzi mtamu. Mwenzenu wa Unguja. Miaka hiyo ya tisini na sisi tulikuwa na ndege ndogo za ajabu. Zilikuwa zikipita juu ya msitu wa Jozani zinamwaga mbung'o! Mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi, wanatupwa kwa maboksi. Watoto tukiokota yale maboksi. Mwaka 1997 ikatangazwa Unguja haina tena mbung'o. Huko Okavango kulikuwa na mbung'o?

#8 SpanaKumi

Bububu, umenipeleka pazuri. Walikuwepo, na walikuwa wanaua ng'ombe. Mwaka 2001 na 2002 serikali ya Botswana iliamua kuipulizia delta dawa kwa ndege, jumla kama kilomita za mraba 16,000 kwa miaka hiyo miwili. Ndege zenyewe zilikuwa za kilimo, za kiti kimoja, na zilifanya kazi usiku wa baridi, maana usiku hewa imetulia na dawa inashuka badala ya kupeperuka. Tulikuwa tunazisikia kutoka nyumbani. Fikiria unaruka gizani juu kidogo tu ya miti, unafuata mstari ulionyooka kwenye kioo cha GPS, unafika mwisho unageuka, unarudi mstari wa pembeni, mpaka alfajiri. Asubuhi marubani wao walikuja kuomba chai kwetu, macho mekundu, hawana hamu ya kusimulia chochote. Niliwaheshimu kuliko wote niliowahi kuwaona.

#9 Mchokozi

Mpaka sasa chai haijakolea. Ila jamaa yangu aliwahi kuniambia huko fisi wanakula matairi ya ndege. Hiyo ndiyo niliikataa.

#10 SpanaKumi

Mchokozi, jamaa yako hakudanganya. Ndege ikilala kwenye kiwanja cha porini, jioni unakata matawi ya miiba unayazungushia magurudumu. Sijui mpira una utamu gani. Nimetumwa kiwanja cha Savuti siku moja na tairi mbili begani kama mwuza mitumba, nimekuta 206 imepiga magoti na alama za meno zinahesabika. Rubani kijana wa watu alikuwa amekata matawi kweli, ila amezungushia gurudumu la mbele tu. Eti fisi wangekuja kwa mbele.

Wanyama kiwanjani ndio usiseme. Unapita kwanza chini chini kufukuza swala, unazunguka, ukirudi unakuta pundamilia wamechukua nafasi. Tembo hafukuziki. Unasubiri amalize shughuli zake huku sindano ya mafuta inashuka.

Jambo la maji nalo limewachanganya wengi. Delta haijazwi na mvua ya hapo. Mvua inanyesha nyanda za juu za Angola, maji yanatembea miezi, yanafika Maun mwezi wa sita au wa saba wakati kwetu hakuna wingu hata la kusingiziwa. Yaani katikati ya kiangazi kikavu mto Thamalakane unaanza kujaa. Kiwanja ulichotua mwezi wa nne kikiwa kigumu kama saruji, mwezi wa saba unakuta kina kambare. Mama wa redio alikuwa na daftari la kurasa mbili: viwanja vilivyo wazi, na viwanja vilivyozama. Kila asubuhi saa kumi na mbili anaita kambi moja moja, anaandika kwa penseli, anafuta.

Yule mama, jamani. Ratiba yote ya kesho ilikuwa kwenye ubao mmoja. Mgeni mmoja wa kambi ya Mombo akisema anaongeza usiku mmoja, safari saba zinabadilika: nani anakaa wapi, nani anabeba nyama ya nani, nani anajaza mafuta wapi. Niliwahi kumkuta saa mbili usiku, taa ya chemli pembeni maana umeme umekatika, anafuta anaandika, kifutio kimebaki kidogo kama punje ya hindi. Nikamuuliza kwa Kitswana changu cha kuungaunga. Akajibu bila kuinua kichwa: nikikosea hapa, wewe huna kazi kesho.

(Kitswana chenyewe hakikunitesa sana. Mtu ni motho, nyama ni nama, jina ni leina. Na nne ni nne! Siku niliyosikia hilo sokoni nilijiona niko Kariakoo. Ila ukifungua mdomo zaidi wanakujua, na lipo jina la dharau wanalotuita wageni weusi. Nililizoea, sikulipenda.)

#11 dada_wa_Songea

Kaka SpanaKumi, na hao marubani vijana waliajiriwaje? Mdogo wangu ana leseni ya biashara, saa 230, amekaa nyumbani mwaka wa pili.

#12 SpanaKumi

Dada, wakati wangu walikuwa wanakuja mwezi wa pili au wa tatu, kabla ya msimu. Wengi Waafrika Kusini, wengine Waingereza, Waaustralia, wachache Wanamibia, na baadaye Watswana wenyewe wakaanza kuwa wengi, jambo lililonifurahisha. Wanapanga hema kambi ya bei nafuu kando ya mto, asubuhi wananyoosha shati kwa mkono, wanapita ofisi moja moja na makaratasi. Wanaambiwa hakuna nafasi. Kesho wanapita tena.

Bosi wetu alikuwa na mtihani wake: "Nafasi hakuna, ila unaweza kuosha ndege." Anayeondoka amekunja uso hatumuoni tena. Anayeosha wiki tatu bila malipo, akajifunza kupakia, akajifunza kujaza mafuta kwa pipa, siku rubani mmoja anapopata kazi ya shirika kubwa na kuaga kwa notisi ya siku mbili, yeye ndiye aliyepo. Ulikuwa unyonyaji? Ndiyo. Sitaupamba. Lakini na mimi niliwajua kwa namna walivyoosha. Anayeosha tumbo la ndege, pale pasipoonekana, huyo hata akiniambia injini inatetema kidogo nilikuwa namwamini.

Mwambie mdogo wako masharti ya sasa ayaulize huko huko, mambo ya vibali yamebadilika.

#13 Mchokozi

Ajali je? Usituoneshe mazuri tu.

#14 SpanaKumi

Zilikuwepo. Iliyotikisa zaidi ilitokea mimi nimeshaondoka: Oktoba 14, 2011, Cessna Caravan yenye watu kumi na wawili ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kiwanja cha Xakanaxa, ndani ya delta, wakafa wanane. Nilisikia nikiwa Dar. Nilikaa chini nikaanza kupiga simu namba za miaka sita nyuma, nyingi hazipatikani.

Lakini niliyotaka kusimulia tangu mwanzo ni ile ambayo haikutokea. KyelaMjini, sasa leta Wenela yako.

#15 KyelaMjini

Haya. Wenela ni wale mawakala wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, jina refu ni Witwatersrand Native Labour Association. Kwetu Rungwe na Kyela wazee wengi walikwenda "Joni", yaani Johannesburg, kupitia hao. Baada ya uhuru Tanganyika ikapiga marufuku, ila kama babu yangu, mtu wa mpakani, alivuka Songwe akajiandikisha upande wa pili kama mtu wa huko. Walikuwa wanapakiwa kwenye ndege kule Malawi, wanashushwa Francistown, Botswana, halafu treni hadi migodini. Babu hakuwahi kupanda hata basi la Mbeya, gari lake la kwanza kubwa lilikuwa ndege! Alisema walitapika wote, akiwemo mganga waliyekuwa naye.

#16 SpanaKumi

Asante. Sasa sikilizeni.

Kwetu alikuwepo mzee mmoja mlinzi, mtu wa Francistown. Tulimwita Rra tu, kwa heshima. Kazi yake ilikuwa kulinda usiku, lakini mchana haendi kulala. Anakaa kwenye kivuli cha mapipa. Mapipa yetu ya lita 200 yalilazwa ubavu, vizibo vikiwa pembeni usawa wa saa tatu na saa tisa, ili maji ya umande yasituame juu na kunyonywa ndani. Yeye ndiye aliyekuwa anayalaza. Kijana akisimamisha pipa akaliacha, mzee anainuka, analilaza, anarudi kukaa.

Na alikuwa na tabia moja: kila pipa likifunguliwa anachovya kijiti, anadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, anaiweka juani. Vijana walimcheka. Mimi mwenyewe nilidhani ni mambo ya uzee.

Ndege zetu za pistoni zilitumia Avgas, ile yenye rangi ya buluu. Mwaka 2003 bosi akakodi Caravan ya kwanza. Ile ina injini ya tabo (turbine), si ya pistoni, inatumia Jet A-1, ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Kwa hiyo ghafla tukawa na mapipa ya aina mbili uwanja mmoja. Kwenye viwanja vikubwa mdomo wa bomba la Jet umefanywa mpana usiingie kwenye tundu la ndege ya pistoni. Kwa pampu ya mkono na mpira wa bustani, kila kitu kinaingia kila mahali.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane lori lilikuwa limeleta mapipa usiku, maandishi yamefutika kwa vumbi na kamba. Wageni watano wako tayari, mmoja ameshapiga picha na rubani. Kijana anapampu bawa la kushoto la 206. Mimi nafunga kava ya injini. Mzee akaja na karatasi yake.

Nifafanue. Tone la Avgas likidondoka kwenye karatasi linapotea. Dakika chache juani karatasi inabaki kavu, safi, labda kivuli cha buluu. Tone la Jet halipotei. Linaacha duara la mafuta, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Mzee hakusema kitu, alinionesha tu. Duara lilikuwa limekaa pale, unaona kidole kwa upande wa pili.

Lita arobaini hivi zilikuwa zimeshaingia, juu ya Avgas iliyokuwemo. Na hatari yake iko hapo: ukipima kwa kikombe, buluu bado inaonekana, imepauka tu. Injini ingewaka. Ingekimbia vizuri hadi mwisho wa kiwanja. Mchanganyiko ule hauhimili mgandamizo wa silinda injini ikiwa kwenye nguvu zote. Unalipuka kabla ya wakati wake, pistoni zinatoboka, na unakuwa futi mia tatu juu ya miti ya mopane.

Nikamwita bosi. Akatazama karatasi, akatazama wageni, akasema kwa sauti ya chini kwamba kidogo hakidhuru, tanki la kulia lina Avgas safi, rubani atumie hilo kwanza, yatachanganyika. Nikaanza kubishana. Mimi mgeni, kibali changu cha kazi kinaisha mwezi ujao na saini ni yake. Nakiri sauti yangu ilikuwa inashuka.

Wakati tunabishana tukasikia kama maji yanamwagika. Mzee alikuwa chini ya bawa, amepiga goti moja, amefungua kizibo cha kutolea mafuta. Yalikuwa yanatiririka mchangani, yanalowesha goti la suruali yake, naye anayatazama tu. Hakukuwa na cha kubishania tena.

Wageni walikwenda na kampuni ya jirani. Mimi nilisafisha matanki na mabomba hadi usiku. Mwisho wa mwezi bosi alikata thamani ya mafuta kwenye mshahara wangu na wa kijana. Wa mzee hakuugusa. Nadhani aliogopa.

#17 Wilson_Mtaani

Manze. Huyo mzee alijulia wapi hiyo kitu ya karatasi?

#18 SpanaKumi

Nilimuuliza usiku huo huo, tumekaa na moto.

Aprili 4, 1974 ndege ya Wenela aina ya DC-4 ilipaa Francistown kuwarudisha wachimbaji Malawi. Watu 84 ndani. Kwenye matanki ya Avgas kulikuwa kumechanganyika mafuta ya Jet. Injini zilipoteza nguvu muda mfupi baada ya kupaa. Walikufa 78. Baada ya hapo Rais Banda akasimamisha watu wake kwenda migodini.

Mzee wetu alikuwa kijana wa mizigo pale. Aliwapakia. Alisema walikuwa wanarudi na mablanketi, redio, baiskeli zilizofunguliwa vipande, cherehani. Alikumbuka cherehani moja kwa sababu mwenyewe alikataa isiingie kwenye shehena, akataka kukaa nayo miguuni, wakabishana, mwisho akamruhusu. Mambo ya karatasi alifundishwa baadaye na fundi mmoja wa pale pale, wakati tayari kila mtu anajua kilichotokea.

#19 KyelaMjini

Mkuu. Babu yangu alirudi 1972. Aliacha wenzake wa kijiji kimoja huko. Kuna nyumba mbili kwetu mpaka leo wanasema baba "alipotea Joni". Sijui kama ni hiyo ndege. Nitamuuliza bibi.

#20 Bububu

Inna lillahi. Nimesoma mara mbili.

#21 dada_wa_Songea

Na huyo mzee yuko wapi sasa?

#22 SpanaKumi

Nilipoondoka 2005 alikuwa bado yupo, kwenye kivuli chake. Kibali changu hakikuongezwa, hiyo ni habari nyingine. Nilimwachia redio yangu ndogo, naye akanipa kijiti. Nimekitafuta wiki hii nzima ndani ya sanduku la spana, sikioni.

#23 Mchokozi

Haikuwa chai. Nimetulia. Ila hiyo karatasi ni ya aina gani? Nina jenereta ya petroli hapa na muuza mafuta wangu simwamini, nasikia wanachanganya mafuta ya taa.

#24 SpanaKumi

Yoyote nyeupe isiyong'aa. Ya daftari la shule inafaa. Weka tone la petroli unayoiamini pembeni ya lile unalolishuku, usisimame nalo karibu na moto, na usilitazame mara moja. Lipe muda likauke.

#25 Mchokozi

Nimeweka. Nasubiri.